Shakwe kichwa-kahawia na shakwe kichwa-cheusi: tazama bawa, si kichwa

Dhana: Rangi ya kichwa inatosha kuwatofautisha.

Haitoshi. Msimu wa kuzaliana, wote wawili huwa na kichwa cha kahawia. Cha shakwe kichwa-cheusi kimekolea zaidi tu. Baridi ikiingia rangi hiyo hutoweka, kikabaki kichwa cheupe chenye doa jeusi nyuma ya jicho. Na huo ndio wakati watu wengi wa Asia huwaona: Bang Pu karibu na Bangkok, ambako shakwe kichwa-kahawia hukusanyika kwa maelfu, au Kunming, China, ambako shakwe kichwa-cheusi huingia mjini kila mwaka tangu 1985.

Kwa hiyo msubiri aruke. Kichwa-cheusi ana ukanda mweupe kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kuelekea nchani, na weusi mwembamba tu mwishoni. Mwenzake ana ncha pana nyeusi yenye madoa meupe ndani yake, na madoa hayo huonekana hata kwa mbali. Sijui alama nzuri kuliko hii.

Dhana: Mwenye jicho jeupe ndiye kichwa-kahawia.

Kwa ndege mzima, ndiyo. Lakini kinda wa mwaka wa kwanza ana jicho jeusi, na madoa ya bawani hajayapata bado. Huyo mtambue kwa ncha nyeusi tupu. Kinda wa kichwa-cheusi tayari ana weupe wake ukingoni.

Dhana: Mkubwa ni kichwa-kahawia.

Kwa wastani ni kweli, na mdomo wake ni mnene zaidi. Ila ana takriban sentimita 41 hadi 45, na mwenzake 37 hadi 44. Vipimo vinaingiliana.

Dhana: Shakwe ni ndege wa bahari.

Kichwa-kahawia huzaliana kwenye maziwa ya nyanda za juu za Asia ya Kati, mbali kabisa na pwani: Ziwa Qinghai la China, au Ziwa Tso Moriri huko Ladakh, kaskazini mwa India, lililo zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Hushuka pwani kukwepa baridi.

Kichwa-cheusi hufika hadi maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, akichangamana na shakwe kichwa-kijivu wa hapa kwetu. Huyu wetu naye ana jicho jeupe na madoa meupe kwenye ncha nyeusi za mabawa, kwa hiyo ukiziona alama hizo Nakuru, usikimbilie kusema ni kichwa-kahawia, mgeni kutoka nyanda za juu za Asia.