Je, bunge la jimbo la Marekani linaweza kujiongezea siku za vikao?
Watu wengi huamini kwamba bunge la jimbo nchini Marekani, kwa kuwa ndilo linalotunga sheria, linaweza kupiga kura likajiongezea muda wa vikao vyake. Imani hiyo ina chanzo cha kweli, kwani katika baadhi ya majimbo muda huo huwekwa na sheria ya kawaida au kanuni za bunge lenyewe. Lakini pale ukomo ulipoandikwa katika katiba ya jimbo, sheria ya kawaida haiwezi kuuondoa.

Katiba ya Texas, kwa mfano, inaweka kikao cha kawaida kila baada ya miaka miwili, kisichozidi siku 140. Ili kuibadilisha, pendekezo linahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila moja ya mabaraza mawili ya bunge (Seneti na Baraza la Wawakilishi), kisha wingi wa kura za wananchi, na saini ya gavana haihitajiki. Gavana anaweza kuitisha kikao maalumu cha hadi siku 30, jambo ambalo, nadhani, ndilo huwachanganya wengi.

Wananchi hutumia kwa uzito mamlaka yao ya kupigia kura mabadiliko ya katiba: wapiga kura wa Nevada walikubali vikao vya kila mwaka mwaka 1958, wakavifuta mwaka 1960. Delaware pekee hubadilisha katiba yake bila kura ya wananchi.

Anayetaka kuhakikisha asome katiba ya jimbo husika, sehemu ya bunge na ya marekebisho. Kwa Texas ni ibara ya 3 na ya 17.