Kiwandani na uwandani: roboti za uwandani ni nini?

Roboti ya kiwandani hulelewa kama yai. Sakafu ni tambarare, taa hazizimwi, na kipande cha kuchomelea kinaifikia pale pale kila mara. Roboti ya uwandani ni ile inayofanya kazi mahali ambapo hakuna aliyeiandalia njia: shambani, mgodini, jangwani, chini ya bahari.

Anayeongoza utafiti na uundaji wa roboti za aina hii huamua, pamoja na mengine, ni lini mashine itoke karakana. Ukiharakisha, inaharibika, ukingoja ikamilike, haitoki kamwe.

Mtazame William Whittaker, maarufu kwa jina la Red, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani. Alisomea uhandisi wa ujenzi. Mwaka 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kilipata ajali, na ghorofa yake ya chini ikajaa maji yenye mionzi. Miaka michache baadaye, mashine za timu yake ndizo zilizoshuka humo kwa niaba ya watu.

Kisha zikaja volkano. Mwanzoni mwa 1993 roboti Dante ilianza kushuka Mlima Erebus, Antaktika. Mkongo wa mawasiliano ukakatika baada ya mita chache tu. Mwaka uliofuata Dante II, yenye miguu minane, iliteremka hadi ndani ya kasoko ya Mlima Spurr, Alaska, ikapima gesi. Ikipanda kurudi, ikapinduka ubavu. Helikopta ilipojaribu kuinyanyua, kebo ikakatika. Mwishowe watu wakaingia wenyewe kuitoa, kulekule ilikotumwa ili wao wasiingie! Hata hivyo vipimo vya gesi vilikuwa vimeshapatikana, kwa hiyo mimi siiti kazi hiyo hasara.

Kazi hii hukuza pia watu. Mwaka 2004 gari la timu ya Whittaker lisilo na dereva, Sandstorm, lilikwama jangwani Mojave baada ya kilomita 12 hivi, katika mashindano ya zaidi ya kilomita 220. Hakuna gari lililofika mbali zaidi ya hapo. Aliyeongoza ufundi wake, Chris Urmson, alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Mwaka 2005 Sandstorm lilimaliza njia nzima na kushika nafasi ya pili, dakika kama 11 nyuma ya gari la Chuo Kikuu cha Stanford.