Shimo la Udongo wa Mfinyanzi Litafukiwa kwa Kifusi Gani? Namna ya Kupitia Ombi la Kibali cha Machimbo

Ombi la kuchimba udongo wa mfinyanzi likifika mezani, wengi hulisoma kuanzia mbele: nani anaomba, eneo lina ukubwa gani, kazi itachukua miaka mingapi. Tunashauri uanzie nyuma, kwenye mpango wa kurejesha ardhi, ukiwa na kikokotoo mkononi.

Chukua kiwanja cha mita 100 kwa 200, yaani hekta 2, kinachochimbwa kina cha mita 6. Mwombaji akiandika kwamba atatoa mita za ujazo 120,000, hapo hapo amekuambia jambo: amechora kuta zilizosimama wima. Udongo wa mfinyanzi ukiwa mkavu husimama vizuri na kumdanganya mtu. Ukilowa hupoteza nguvu na ukingo huporomoka, pengine pamoja na uzio wa jirani. Kingo za mwisho zikilazwa kwa mteremko wa mita 1 ya kimo kwa kila mita 3 za ulalo, kiwanja hicho hicho hutoa takriban mita za ujazo 90,000. Tofauti hiyo ya 30,000 ndiyo kishawishi cha kuchimba hadi mpakani, na ndiyo maana michoro inayoonyesha shimo kwa upande, kana kwamba ardhi imekatwa, idaiwe kabla ya maelezo mengine yoyote.

Swali la pili: shimo litafukiwa kwa nini? Mfinyanzi ndio bidhaa, ukishapakiwa haurudi. Udongo wa juu wenye unene wa sentimita 25 juu ya hekta 2 ni mita za ujazo 5,000 tu. Mpango unaosema "ardhi itarudishwa ilivyokuwa" bila kueleza kifusi kitatoka wapi, ni cha aina gani na nani atakikagua kabla hakijamwagwa, hautekelezeki. Bora mwombaji aseme wazi kuwa ardhi itabaki chini kama malisho yenye mtaro wa kutolea maji, au itakuwa bwawa. Likiwa bwawa, kingo za majini ziwe za kulala zaidi, ili aliyetumbukia aweze kutoka kwa miguu yake. Mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, hivyo shimo lililotelekezwa hujaa mvua na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Watoto huzama humo.

Udongo wa juu ndio hazina ya urejeshaji, na ndio unaoharibiwa mapema zaidi. Uondolewe ukiwa mkavu, urundikwe mbali na kifusi kingine, na lundo lisizidi mita 2 hivi kwa kimo. Likirefuka, ndani hukosa hewa na viumbe vya udongo hufa. Likikaa miezi mingi lipandwe nyasi. Kabla ya kuutandaza tena, sakafu iliyoshindiliwa na magari ipasuliwe kina cha nusu mita au zaidi, la sivyo mizizi itagonga kitu kama sakafu ya nyumba.

Maji machafu yanahitaji jicho kali. Chembe ya mfinyanzi yenye upana wa mikroni 2 (sehemu mbili za elfu za milimita) huzama takriban sentimita 30 kwa siku katika maji yaliyotulia kabisa, na nyingi ni ndogo kuliko hiyo. Bwawa la kutulizia tope linaloshikilia maji saa chache hunasa mchanga, lakini rangi ya kahawia huendelea hadi mtoni. Kibali kidai maji yasitoke kabisa, au yatiwe dawa ya kugandisha chembe na kupimwa kabla ya kuachiwa. Visima vya uchunguzi vichimbwe kupita sakafu ya shimo: chini ya mfinyanzi kukiwa na mchanga wenye maji ya shinikizo, sakafu iliyoachwa nyembamba huinuka na kupasuka.

Kuhusu malori: mfinyanzi uliochimbwa huvimba, tuseme kwa asilimia 30. Mita za ujazo 90,000 huwa 117,000, yaani safari 11,700 za lori linalobeba mita za ujazo 10. Kwa miaka 5 yenye siku 300 za kazi, ni karibu malori 8 kwa siku, na barabara huhesabu kwenda na kurudi.

Mwisho ni dhamana ya fedha, yaani fedha anazoweka mwombaji ili ardhi irejeshwe hata asipoirejesha mwenyewe. Ikadiriwe kwa gharama ya mkandarasi wa nje, kwa kuwa itahitajika siku ambayo mchimbaji ameondoka na mitambo yake. Eneo ligawanywe kwa awamu, awamu ya tatu isifunguliwe kabla ya ya kwanza kurejeshwa, na sehemu ya mwisho ya dhamana ishikiliwe hadi mimea iwe imestahimili misimu kadhaa ya mvua na ukame.