Avalon, mji wa wavuvi kisiwani Catalina: yanayosemwa na yaliyopo

Avalon uko kisiwani Catalina, California, mwendo wa saa moja hivi kwa feri kutoka Long Beach. Sifa zake katika uvuvi wa michezo ni za zamani, na wageni wengi hushuka gatini na picha kichwani isiyolingana na mji wenyewe.

Dhana: Uvuvi wa michezo ni kushindana kuua samaki wengi.
Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mvuvi na mwandishi Charles Frederick Holder alianzisha Tuna Club, klabu ya wavuvi, hapo Avalon mwaka 1898 kwa kuchukizwa na ufujaji: watu walivua kwa mishipi minene ya mkono, wakapata samaki kupita haja, kisha wakawatupa. Wanachama wakajifunga kwa masharti: ufito, mshipi mwembamba, na mvuvi apambane peke yake mwanzo hadi mwisho. Mshipi wa namna hiyo ukiuvuta kwa pupa hukatika. Inabidi umwachie samaki akimbie, umrudishe taratibu, akimbie tena, pengine kwa saa kadhaa, na yeye ana nafasi ya kweli ya kuponyoka. Holder mwenyewe alimpata jodari wa kilo 83 kwa njia hiyo. Heshima ya mji huu naiona katika masharti yale, si kwenye mizani.

Dhana: Jodari wapo siku zote.
Jodari wakubwa wa Pasifiki huzaliwa upande wa Japani, na baadhi yao huvuka bahari nzima hadi California wakifuata chakula. Kuna misimu wanajaa, kuna misimu hawaonekani. Karibu na ufuo utapata zaidi samaki waishio kwenye misitu ya mwani mrefu.

Dhana: Ukishamnasa ni wako.
Kuna samaki mmoja mkubwa mweusi, umbo kama chewa, aitwaye kwa Kiingereza giant sea bass, anayeweza kuzidi kilo 200. Hukua polepole mno, na alivuliwa hadi akakaribia kwisha. Tangu 1982 analindwa kwa sheria: akinasa kwenye ndoana yako, mrudishe majini papo hapo. Huko Casino Point, ufuoni hapo hapo Avalon, ambako uvuvi umepigwa marufuku, wazamiaji humkuta akielea kando ya mwani, ametulia, mrefu kuliko wao.

Dhana: Jengo la Casino ni la kamari.
Halijawahi kuwa. Lilifunguliwa 1929 likiwa na ukumbi wa sinema na wa dansi.

Dhana: Utazunguka na gari lako.
Magari yamewekewa kikomo. Watu hutembea kwa miguu au kukodi vigari vya gofu.

Dhana: Bila boti na leseni huvui.
Leseni ya jimbo inamhusu mwenye miaka 16 na zaidi, lakini anayevulia juu ya gati la umma baharini hahitaji, mradi afuate masharti ya ukubwa na idadi ya samaki. Kwa anayeanza, au aliyekuja na watoto, Green Pleasure Pier, lililojengwa 1909 katikati ya mji, linatosha kabisa.