Safari ya ng'ambo kwa ndege ya kukodi: kwa nini naanza na kiwanja

Maombi mengi ya safari ninayopokea huanza na jina la ndege. Mteja ameona picha yake, au aliwahi kupanda ya rafiki yake akaipenda, na sasa anataka hiyo hiyo impeleke ng'ambo. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege za kukodi, na siwalaumu watu kwa kupenda wanachokipenda, lakini swali langu la kwanza halihusu ndege. Huuliza mlango wa kwanza atakaoubisha baada ya kutua uko wapi, na anatakiwa awe hapo saa ngapi. Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kiwanja, na kiwanja ndicho kinachoamua ni ndege zipi zinaweza kutua, zikiwa na uzito gani na kwa saa zipi. Anayeanza na ndege huishia kutafuta kiwanja cha kuitosha, na mara nyingi kiwanja hicho huwa mbali na mlango ule.

Tuitazame London. Aliyezoea ndege za abiria hutaja Heathrow, ilhali nafasi za kutua za huko zimeshikwa na mashirika makubwa na ndege binafsi huzipata kwa taabu. Farnborough, upande wa kusini-magharibi, ni kiwanja kilichotengwa kwa ndege za aina hii, lakini siku za kazi hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, na mwisho wa wiki muda huo hupungua, hivyo anayetaka kutua usiku wa manane sina budi kumtafutia kwingine. Biggin Hill humfaa mwenye shughuli kusini-mashariki. Luton hupokea ndege mchana na usiku, mradi nafasi iombwe mapema. London City ndicho kilicho karibu zaidi na mabenki na ndicho chenye masharti magumu zaidi: ndege hushuka kwa pembe ya nyuzi 5.5 badala ya nyuzi 3 za kawaida, kwa hiyo ni lazima aina ya ndege na marubani wake wawe wameidhinishwa kwa mteremko huo, na tena kiwanja hufungwa kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana. Mteja aliyesema tu kwamba anakwenda London bado hajaniambia chochote ninachoweza kukifanyia kazi.

New York ina kizuizi cha namna nyingine. Teterboro, ng'ambo ya mto katika jimbo la New Jersey, ndicho kiwanja kinachopendwa na wengi kwa sababu hakina ndege za abiria za ratiba na Manhattan iko karibu, lakini uzito wa ndege hapo hauruhusiwi kuzidi pauni 100,000, yaani kilo 45,359. Jeti kubwa kama Bombardier Global 7500 iliyojazwa mafuta hufikia zaidi ya tani 52. Inaweza kutua Teterboro ikiwa imekwisha kuchoma mafuta mengi njiani, na inaweza kuondoka kwa safari ya wastani, ila mteja anayetaka kutoka hapo moja kwa moja hadi Asia ya mbali atakuwa analipia masafa ambayo kiwanja hakimruhusu kuyatumia. Katika hali hiyo humshauri aondokee Newark au Kennedy, ingawa barabara ni ya msongamano zaidi.

Sasa nije kwenye urefu wa njia ya kurukia, jambo ambalo naona linaeleweka vibaya kuliko yote. Kijitabu cha mtengenezaji husema, kwa mfano, kwamba ndege inahitaji mita 900 kutua, na mteja akiona kiwanja kina njia ya mita 1,200 hudhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kwa jeti inayobeba abiria wanaolipa, kanuni za Ulaya na za Marekani kwa kawaida hutaka ndege iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo. Mita 900 zile kwa hiyo zinadai njia ya mita 1,500, na ikitabiriwa kwamba njia itakuwa imelowa, huongezwa asilimia 15 nyingine, na hapo tunazungumzia mita 1,725. Mwenye ndege anayesafiri kwa shughuli zake mwenyewe, bila abiria wa kulipa, mara nyingi hafungwi na hesabu hiyo, na ndiyo maana mtu anaweza kukuambia kwa ukweli kabisa kwamba rafiki yake hutua mahali fulani kwa ndege ya aina ile ile, huku mimi nikikataa kukupeleka. Naomba wasomaji wangu wakuchukulie kukataa huko kwa uzito wake: akiba ile ya asilimia 40 imewekwa kwa ajili ya rubani aliyegusa ardhi mbele kidogo ya alama, au upepo uliogeuka dakika ya mwisho.

Milimani hesabu hubadilika tena. Samedan, kiwanja kinachohudumia St. Moritz huko Uswisi, kina njia ya mita 1,800, urefu ambao pwani ungezitosha jeti nyingi za wastani; lakini kiko mita 1,707 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, injini hupata msukumo mdogo, na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi na njia ndefu zaidi kabla ya kuruka. Siku ya joto huongeza tatizo lile lile. Ndege iliyoingia vizuri asubuhi yenye baridi inaweza kulazimika kuondoka mchana ikiwa na nusu ya mafuta, ikatue tena karibu kuongeza.

Aspen, katika jimbo la Colorado, ilinifundisha somo ambalo sijalisahau. Kiwanja chake kiko karibu mita 2,400 juu ya bahari, na zaidi ya hapo hakipokei ndege ambayo mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yanazidi futi 95, yaani kama mita 29. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikabidhiwa safari ya familia moja ambayo dalali alikwisha kuisainia mkataba wa Gulfstream G650, ndege bora sana yenye mabawa ya mita 30 na kidogo. Hakuna aliyepima. Niligundua siku tatu kabla ya kuondoka, tukahangaika usiku kucha kupata ndege nyingine, na familia ile ikalipa tofauti ambayo haikustahili kuilipa. Tangu siku hiyo, upana wa mabawa na uzito wa juu kabisa ndizo tarakimu mbili ninazoziandika kwanza kwenye karatasi yoyote.

Kiwanja kikishafaa kwa vipimo, kuna sheria. Si kila kiwanja kina maofisa wa forodha na uhamiaji, na palipo nao, pengine hukaa saa chache tu au huitwa kwa taarifa ya mapema. Marekani huitaka orodha ya abiria ifike kwa njia ya kielektroniki angalau dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na kuna mtego mmoja huko ambao huwanasa hata wasafiri wazoefu: raia wa nchi zinazoingia Marekani kwa idhini ya ESTA bila viza hawawezi kuitumia idhini hiyo ndani ya ndege ambayo mwendeshaji wake, yaani kampuni inayoirusha, hajasaini makubaliano na serikali ya Marekani. Abiria wa namna hiyo anahitaji viza kamili, na viza haipatikani kwa siku mbili. Vibali vya kupita anga na vya kutua navyo hutofautiana. Nchi moja hujibu kwa saa chache, nyingine hutaka siku kadhaa za kazi, na kubadilisha ndege dakika za mwisho huweza kumaanisha kuomba upya, kwa kuwa kibali hutaja namba ya usajili. Na yule anayetaka kuzunguka miji miwili au mitatu ndani ya nchi moja ya kigeni anieleze mapema, kwa sababu nchi nyingi hazimruhusu mwendeshaji wa kigeni kubeba abiria wa kulipa kati ya viwanja vyake vya ndani.

Baada ya hayo yote ndipo naifikia ndege, na kitu cha kwanza ninachokitilia shaka ni masafa ya kwenye kijitabu. Yamepigiwa hesabu ya hewa tulivu, abiria wachache na mwendo wa kubana mafuta. Kutoka London hadi New York ni kilomita zipatazo 5,570, na jeti ya wastani kama Challenger 350 imeandikiwa masafa ya zaidi ya kilomita 5,900, kwa hiyo juu ya karatasi inafika. Lakini upepo wa juu katika Atlantiki ya Kaskazini huvuma kutoka magharibi, nao kwa anayekwenda Amerika ni mbisho, kama wasemavyo mabaharia, yaani humpinga kutoka mbele. Chukua mbisho ya kilomita 150 kwa saa dhidi ya ndege inayokwenda 850: safari hiyo hugeuka kuwa sawa na kilomita 6,760 za hewa tulivu. Ndege hiyo italazimika kutua njiani, pengine Shannon huko Ireland au Gander huko Kanada. Kutua huko si aibu. Shannon ina maofisa wa Marekani wanaowakagua abiria kabla ya kuvuka bahari, kisha ndege hupokelewa upande wa pili kama iliyotoka ndani ya nchi, na hilo peke yake linaweza kurudisha sehemu kubwa ya muda uliopotea. Kwa mwenye abiria wanne na nafasi katika ratiba, mara nyingi hiyo ndiyo njia ninayoichagua badala ya jeti kubwa.

Kwa safari fupi zaidi, ndege za pangaboi hudharauliwa bila sababu. Pilatus PC-12 ina injini moja na mwendo mdogo kuliko jeti, lakini inatua kwenye njia fupi, hata za nyasi au changarawe, na inaweza kumfikisha mtu karibu kabisa na anakokwenda huku jeti ikimwacha saa mbili za barabara. Upande wa mizigo naomba vipimo vya mifuko, si idadi yake tu, kwa maana mlango wa sehemu ya mizigo ya jeti ndogo umewahi kukataa vifaa vya kuteleza kwenye theluji ambavyo kwa uzito havikuwa tatizo.

Kuna karatasi moja ambayo mteja huipata kutoka kwangu hata asipoiomba. Ina jina la kiwanja cha pili. Ukungu ukiifunika Samedan, ndege haitazunguka juu ya bonde ikisubiri, itakwenda pengine Zurich, na kutoka huko hadi St. Moritz ni mwendo wa kama saa tatu kwa gari. Kwa hiyo ndege inapokuwa bado ardhini, huwa nimekwisha kuhakikisha kwamba Zurich kuna maegesho, kwamba uhamiaji watakuwepo saa hiyo, na kwamba dereva ana namba yangu na anajua anaweza kuitwa huko.