Mbegu ya kienyeji ina mwenyewe

Mbegu ya kienyeji ni mbegu ambayo wakulima wa mahali fulani wameipanda, wakaichagua na kuirudia kwa miaka mingi mpaka ikazoea udongo, mvua na wadudu wa hapo. Maana ndiyo hiyo. Haisemi kama mbegu ni nzuri au mbaya.

Ninaandika kwa sababu nimelisikia tena neno hili likitumiwa visivyo, safari hii kwenye mafunzo ya wakulima huku Kasulu, mkoani Kigoma. Mwezeshaji, kijana mwenye nia njema kabisa, aliwaambia akina mama waliokaa mbele yake: "Hizi mbegu za kienyeji hazina mwenyewe, ndiyo maana hazina tija." Bibi mmoja alifungua pindo la kanga akamwonyesha maharage ya njano, ya zambarau na yenye madoa. "Mwanangu, hizi nilipewa na mama mkwe. Mwenyewe unayemtafuta ni nani?" Kijana akatabasamu, akaendelea na somo.

Mimi sikuendelea. Lichambue neno lenyewe. Kienyeji linatokana na mwenyeji, na mwenyeji ni mwenye mji. Mji hapa si lazima uwe wa lami na taa. Ndugu yake wa Kizulu, umuzi, mpaka leo ni boma la familia. Mwenyeji basi ni mwenye boma, anayekupokea, anayejua kisima kiko wapi na njia ipi hujaa maji. Ndiyo maana nchi inayoandaa mashindano tunaiita mwenyeji. Kusema kitu cha kienyeji hakina mwenyewe ni kulikana neno na kiini chake, kwa sababu "mwenye" yumo ndani yake.

Sijui tulianza lini kusema "kajenga kienyeji" tukimaanisha kajenga ovyo. Cha ajabu, sokoni neno hilohilo hupandisha bei: kuku wa kienyeji humpita kwa mbali yule wa kisasa. Ila shambani linashusha hadhi, na shambani ndiko waliko akina mama.

Wapo wanaokwepa shida kwa kusema "mbegu za asili". Wanalitaka neno safi, kama tulivyoacha "dawa za kienyeji" tukashika "tiba asili". Kwa mbegu halikai sawa. Asili ni chimbuko, na chimbuko la maharage ni bara la Amerika. Mahindi yametoka Mexico, ingawa jina lake linatupeleka India. Mihogo imetoka Amerika ya Kusini. Hata mchikichi, ambao ukitajwa tu watu hukumbuka Kigoma, chimbuko lake ni Afrika Magharibi. Hawa wote walikuja wageni wakawa wenyeji. Kienyeji linasema hilo kwa usahihi, asili halisemi.

Na mgeni hawi mwenyeji kwa kukaa tu. Kuna aliyempokea. Maharage yakishapigwa, mama hukaa pembeni na ungo. Huondoa yenye tundu la mdudu na yaliyosinyaa, huweka kando yaliyotoka kwenye mashina yaliyostahimili ukame wa Januari, huyachanganya na majivu na kuyatia kwenye kibuyu. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo alichochagua mwaka huu atakikuta mwakani. Mahindi chotara, yaliyopatikana kwa kuchanganya mbegu za aina tofauti, hayako hivyo: ukirudia mbegu, nguvu ya zao la kwanza inapungua na mashina yanatoka mchanganyiko. Kisha hupanda aina kadhaa pamoja, ya kukomaa mapema na ya kuchelewa, ili mvua ikikatika asikose zote. Kazi hiyo ndiyo inayotunza bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unaitambua nafasi ya wanawake katika uhifadhi kwenye utangulizi wake kabisa.

Hapo ndipo neno linapogusa haki ya tabianchi, yaani madai kwamba aliyechangia kidogo kuipasha dunia joto asibebeshwe gharama peke yake. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Hasara huandikwa kwa kitu chenye mwenyewe: nyumba, ng'ombe, daraja. Mvua za Novemba zikikatika baada ya kupanda, mama akarudia kupanda mpaka kibuyu kikabaki kitupu, au njaa ikamlazimisha kuipika mbegu, kimepotea kitu kilichochukua vizazi kukitengeneza. Nani atakiandika, ikiwa sisi wenyewe wa Kigoma tumeshasema hakina mwenyewe?

Simlaumu yule kijana. Alitaka kuwakinga na walanguzi wanaouza mahindi ya kula yaliyopakwa rangi kana kwamba ni mbegu, na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inadai mbegu ya biashara ithibitishwe. Lakini kuthibitishwa ni habari ya ukaguzi na lebo kwenye mfuko, kienyeji ni habari ya makazi. Mbegu yaweza kuwa ya kienyeji na ikaota vizuri, au ikawa na lebo na isifae kwenye mlima wa Heru Juu, huku Kasulu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukirudi tena Kasulu, ukimaanisha haijakaguliwa, waambie akina mama haijakaguliwa. Ukimaanisha inazaa kidogo, sema inazaa kidogo, na uwaulize imezaa debe ngapi. Ukimaanisha ovyo, neno lipo: ovyo. Na yule bibi wa pindo la kanga, mwulize majina ya yale maharage matatu kabla hujafungua kitabu chako.