Kiunganishi cha treni ndogo: kukibadilisha maana yake nini?

Kiunganishi ni kile kifaa kilicho mwisho wa kichwa cha treni na wa kila behewa. Kazi yake ni kukamata chombo kinachofuata, kukivuta au kukisukuma, kisha kukiachia kinapotakiwa kuachwa. Kwenye treni ndogo zinazoendeshwa mezani, kukibadilisha maana yake ni kutoa kiunganishi kilichowekwa kiwandani na kuweka cha aina nyingine, ili kichwa kishikane na mabehewa uliyonayo. Wengi huichukulia kuwa kazi ya bisibisi. Mimi nasema ni kazi ya kimo. Skrubu hufunguka kwa dakika chache, lakini viunganishi viwili visipokaa usawa mmoja, treni itakatika kila ikipanda au ikirudi nyuma, hata kama umenunua vya bei kubwa.

Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa sana kwamba vyombo vya reli vinaweza kukataana. Tunayo Reli ya Kati ya zamani, yenye milimita 1,000 kati ya reli na reli, na tunayo SGR ya milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika hapa Julai 2024. Behewa la huku haliwezi kukanyaga kule. Kwenye treni ndogo mambo hugeuka: reli inakubali, kiunganishi ndicho kinakataa. Kichwa cha skeli ya N (skeli ni kipimo cha udogo wa treni, na kila kimoja kina herufi yake) kutoka Japani na behewa la N la Marekani vyote hupita kwenye reli ya milimita 9 bila taabu, lakini ukivisogeza pamoja vinaweza kugongana tu, kila kimoja kikabaki peke yake. (Anayetaka kuigiza Reli ya Kati yenyewe kwa skeli ya HO, yaani 1 kwa 87, atafute reli ya milimita 12, maana ile ya kawaida ya milimita 16.5 inawakilisha upana wa SGR.)

Chanzo cha kukataana huku ni historia. Kampuni ya Arnold ya Nuremberg, Ujerumani, ilipoleta skeli ya N miaka ya 1960, ilikuja na kiunganishi chake kiitwacho Rapido, na viwanda vingine vikakifuata. Rapido ni kipande kinene chenye ndoano: vikigusana, kimoja hupanda juu ya mwenzake kisha hushuka na kukamata. Kinashika vizuri, sitakisingizia. Ila kukiachanisha katikati ya reli mara nyingi unalazimika kunyanyua behewa kwa mkono, kinaacha pengo kubwa kati ya mabehewa, na hakifanani na kitu chochote kilichoko kwenye reli halisi.

Aina inayopendwa kuwekwa badala yake inaiga kiunganishi ambacho Eli Janney alikipatia hataza Marekani mwaka 1873. Kunja vidole vya mkono mmoja, vinase kwenye vidole vya mkono wa pili vilivyokunjwa vivyo hivyo, halafu vuta: ndivyo kinavyoshika. Uvumbuzi huo ulikuwa na uzito. Kabla yake wafanyakazi walisimama katikati ya mabehewa yanayosogea ili kuyaunga kwa mikono, wengi wakapoteza vidole na wengine maisha, hadi sheria ya Marekani ya mwaka 1893 ikazilazimisha kampuni za reli kutumia viunganishi vinavyojifunga vyenyewe.

Ndugu wawili mapacha, Keith na Dale Edwards, ndio walioanzisha kampuni ya Kadee, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yao. Walikifanya kiunganishi hicho kiwe kidogo na kukiongezea akili: chini yake huning'inia sindano ya chuma iliyopinda, inayofanana na bomba la breki. Sumaku iliyolazwa kati ya reli huzivuta sindano za vyombo viwili pande tofauti, vidole vinafunguka, na behewa linaachwa bila kuguswa na mkono. Mwaka 1990 upande wa skeli ndogo ulijitenga ukawa Micro-Trains, na ndiyo maana wenye HO huitaja zaidi Kadee, na wenye N na Z, iliyo ndogo zaidi ya N, hutaja Micro-Trains.

Sasa kazi yenyewe. Pindua kichwa juu ya kitambaa laini na uangalie kiunganishi kimeshikwa na nini. Kikiwa kimechomekwa kwenye mfuko wa NEM, yaani kiwango cha Ulaya cha treni ndogo, una bahati: kivute kwa kibano, chomeka kipya, umemaliza. Kikiwa ndani ya kijumba chenye skrubu, fungua taratibu, kwa sababu ndani kuna springi. Kwenye skeli ya N springi hiyo ni ndogo kuliko punje ya mtama na ikiruka huipati. Fanya kazi hiyo mikono yako ikiwa ndani ya mfuko angavu wa mkate. Bisibisi na kibano cha fundi simu vinatosha kabisa, na lenzi yake ya kukuzia pia.

Ukishafunga, usikimbilie kuendesha. Sukuma kiunganishi pembeni kwa ukucha na ukiachie: kinapaswa kurudi katikati chenyewe. Halafu pima kimo. Kwa HO, kiwango cha Marekani ni inchi 25/64, karibu milimita 9.9, kutoka uso wa juu wa reli hadi katikati ya kiunganishi, na sindano iwe juu ya reli kwa milimita 0.8 hivi. Kikiwa chini, usipinde mkono wake, tafadhali. Mkono uliopinda huteleza juu ya mwenzake treni inapovuta mzigo. Weka karatasi ngumu au washa (kile kipete bapa cha skrubu) nyembamba mahali panapofaa, au tumia aina ambayo sehemu ya kushikia imeinuliwa au kushushwa kiwandani. Kinachoruhusiwa kupindwa ni sindano tu.

Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi linahitaji neno lake. Oili ndani ya kijumba hugeuka tope la kunata na kiunganishi hakirudi tena katikati. Kwangua penseli laini, weka unga wake kidogo sana, na uuweke mbali na mota kwa sababu unapitisha umeme. Kwa sababu hiyo hiyo angalia viunganishi vya chuma kwenye vichwa vya zamani ambavyo fremu yake ina umeme: ukiunga viwili pamoja unaweza kupata shoti.

Huna haja ya kubadilisha mabehewa yote siku moja. Chukua behewa moja, liache na Rapido upande mmoja na kiunganishi kipya upande wa pili, uliweke nyuma ya kichwa ulichokwisha kukibadilisha. Mabehewa ya zamani yatavutwa kwa kupitia hilo, huku ukiyabadilisha mengine kadiri fedha inavyopatikana.